Maambukizi makali ndani ya jicho: upasuaji usicheleweshwe

Maambukizi yanayoingia ndani kabisa ya jicho, ambayo madaktari huyaita endofthalmitisi, hayafanani na wekundu wa kawaida unaopona kwa dawa ya matone. Vijidudu huingia baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, baada ya sindano ya dawa ndani ya jicho au jeraha linalolitoboa, na wakati mwingine husafirishwa na damu kutoka kiungo kingine.

Nyuma ya lenzi kuna ute mzito usio na mishipa ya damu, hivyo kinga ya mwili na dawa za kumeza hufika humo kwa shida, ilhali bakteria huzaana upesi na sumu yao huharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ambao seli zake zikifa hazirudi. Kwa sababu hiyo antibayotiki hudungwa ndani ya jicho lenyewe, sampuli ikiwa imechukuliwa kwanza. Njia nyingine ni vitrektomi, yaani upasuaji wa kuuondoa ute huo: daktari bingwa hupitisha vifaa vyembamba kwenye weupe wa jicho, akaukata na kuufyonza pamoja na usaha na sumu iliyomo.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliohusu wagonjwa 420 walioambukizwa baada ya upasuaji wa lenzi, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliobaki kuona mwanga tu, asilimia 20 ya waliofanyiwa vitrektomi mara moja walipata upungufu mkubwa wa kuona, dhidi ya asilimia 47 ya waliochukuliwa sampuli na kudungwa dawa tu. Waliokuwa bado wanaona mkono ukipungwa hawakupata nafuu ya ziada. Kwa maoni yangu, matokeo hayo yamegeuzwa kanuni ya kila jicho, kwamba upasuaji ni wa aliyebaki kuona mwanga tu, ingawa macho yenye majeraha hayakuwemo katika utafiti huo. Na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus anaweza kuliangamiza jicho lililojeruhiwa ndani ya siku moja au mbili.

Upasuaji wenyewe una hatari zake, kwani retina iliyovimba huchanika kwa urahisi na konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) yenye ukungu humzuia daktari kuona vizuri. Anayeanza kwa sindano pekee achunguzwe tena baada ya saa 24 hadi 48, na hali ikizidi kuwa mbaya apelekwe chumba cha upasuaji. Mgonjwa ambaye uoni wake unafifia siku chache baada ya upasuaji, hata bila maumivu, arudi hospitali siku hiyohiyo bila kungoja miadi.