Kumuua Mshukiwa wa Wizi ni Mauaji: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Mijini

Usalama wa Jiji la Dar es Salaam unapojadiliwa, wananchi wengi huhesabu mauaji ya ujambazi na yale yatokanayo na ugomvi wa kifamilia, lakini mtu aliyepigwa mawe na kuchomwa moto kwa kudhaniwa kuwa mwizi humwacha nje ya hesabu, kana kwamba kifo chake ni sehemu ya ulinzi wa mtaa. Sisi tunaopitia majalada ya kesi hizi hatuna ruhusa ya kumwacha nje. Kisheria yeye ni marehemu aliyeuawa, na walioshiriki ni watuhumiwa wa mauaji.

Kiwango cha mauaji hutolewa kwa kila wakazi 100,000. Kwa kuwa Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kila watu 54 hivi wanaouawa kwa mwaka hupandisha kiwango cha mkoa kwa 1. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watu 458,000 waliuawa kwa kukusudiwa duniani, sawa na 5.8 kwa kila watu 100,000, na kwa Afrika 12.7. Mtaa unaojisifu kuwa umemaliza vibaka kwa kuwaua umepunguza wizi wa simu na kuongeza kosa zito kuliko yote.

Adhabu inafahamika, ila tunairudia. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, na kuua bila kukusudia kunaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha. Watu wanapotenda kwa nia moja, sheria haiulizi ni jiwe la nani lililoua. Aliyeleta tairi, aliyemimina petroli na aliyemshika mikono wanaweza kushtakiwa pamoja. Shtaka la mauaji ya kukusudia halina dhamana, na husikilizwa Mahakama Kuu baada ya hatua za awali katika mahakama ya chini, hatua ambazo mshtakiwa huzisubiri akiwa mahabusu. Wizi wa kawaida, kwa upande wake, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 7, na hata unyang'anyi wa kutumia silaha, ambao kifungo chake hakipungui miaka 30, hauna adhabu ya kifo.

Tunaambiwa kila mara: "Tukimpeleka kituoni, kesho yuko mtaani." Jambo hili tumelieleza mno. Kwa kosa la wizi, dhamana ni haki ya mtuhumiwa ambaye Katiba inamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitike, na kupewa dhamana hakufuti kesi. Kinachoua kesi nyingi za wizi ni mlalamikaji aliyerudishiwa mali yake na kuacha kufika mahakamani, pamoja na majirani wote walioona ambao ghafla hawakuona. Malalamiko dhidi ya askari anayeomba rushwa ni ya haki, na yapelekwe kwa mkuu wa kituo au TAKUKURU. Hayampi mtu yeyote mamlaka ya kuua.

Sheria inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti kwamba amkabidhi polisi bila kuchelewa. Piga 112, au mwite polisi kata, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au walinzi wa ulinzi shirikishi, na mali iliyoibwa iachwe kama ilivyo kwa kuwa ni kielelezo. Aliyejeruhiwa, awe mwizi au aliyeibiwa, huandikiwa kituoni PF3, yaani fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Hali yake ikiwa mbaya, awahishwe hospitali kwanza na fomu ifuate. Mkamataji ataandika maelezo, atayasoma kabla ya kutia saini, na ataacha namba ya simu inayopatikana, kwa sababu wito wa kutoa ushahidi unaweza kumfikia miezi mingi baadaye.