Kipindupindu si ugonjwa wa wachafu

Shangazi yangu anaishi Tandale, Dar es Salaam, katika nyumba ya wapangaji wa vyumba sita wanaotumia choo kimoja. Alfajiri, kabla hajawasha jiko, anakuwa ameshafagia uwanja na kukisugua choo ambacho wenzake wote wanakitumia. Sufuria zake unaweza kujitazama uso. Mwaka 2015, mlipuko wa kipindupindu ulipoanza jijini mwezi wa Agosti, yeye alikuwa wa kwanza mtaani kwao kubebwa. Alirudi baada ya siku nne, akajifungia ndani karibu wiki mbili kwa aibu, kwa sababu majirani walikuwa wameshamhukumu: "Kumbe usafi wa yule mama ni wa machoni tu."

Mlipuko ule uliendelea hadi 2018 na nchi nzima ukapata wagonjwa zaidi ya 30,000. Sijui wangapi walirudi nyumbani wakakuta maneno kama yale, lakini maneno yenyewe nimeyasikia mara nyingi mno tangu hapo, pamoja na mengine yanayofanana nayo.

"Kipindupindu ni cha watu wachafu"

Ugonjwa huu unaletwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae. Anatoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine, mara nyingi kwa njia ya maji. Kwa hiyo cha kuuliza ni maji yametoka wapi na kinyesi kimekwenda wapi.

Shangazi hana bomba. Ananunua maji kwa dumu la lita 20 kutoka kwa kijana wa mkokoteni, na ukipiga hesabu kwa lita, analipa zaidi kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Kijana naye alikuwa anachota kwenye kisima kifupi, nyumba ya tatu kutoka hapo. Hatua chache kutoka kisimani kuna shimo la choo cha jirani. Maeneo kama yale huchimbi sana kabla hujakuta maji, kwa hiyo shimo la choo na kisima yanakunywa pamoja.

Shimo likijaa, gari la kunyonya halipiti kwenye vichochoro, na hata likipita, bei yake ni kodi ya chumba. Ndipo wanaitwa vyura, wale vijana wanaochimba shimo jingine pembeni na kuhamishia uchafu humo kwa ndoo, wakiwa wamezama hadi kiunoni. Au mtu anasubiri mvua kubwa, anatoboa ukuta wa shimo na kutapisha choo, maji ya mvua yanabeba kila kitu hadi mlangoni kwa mwenzake. Anayetapisha anajua ni kosa. Anajua pia kwamba choo kikifurika ndani, watoto wake ndio watakaokikanyaga.

Usafi wa shangazi ulikuwa wa kweli, ila uliishia kwenye mpaka wa uwanja wake. Zaidi ya hapo alihitaji bomba, mfereji na gari la taka, vitu ambavyo mtu hajipatii kwa ufagio.

"Maji maangavu ni maji safi"

Bakteria huyu haonekani kwa macho wala hana ladha. Tena hahitaji binadamu ili aishi: makazi yake ya asili ni maji ya chumvichumvi kwenye midomo ya mito na pwani, akiwa amejishika kwenye vidudu vidogo vinavyoelea. Huko Matlab, Bangladesh, watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Wagonjwa walipungua karibu nusu, kwa sababu kitambaa kinawanasa vile vidudu pamoja na abiria wao. Kanga kuukuu inaweza kufanya kazi hiyohiyo, lakini nusu inayobaki bado inaua, kwa hiyo maji yachemshwe au yatiwe klorini.

Mvua ikizidi, visima vinafurika. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifuatwa na kipindupindu kikubwa Afrika Mashariki.

"Ni maembe mapya haya"

Maembe na mvua za vuli huja pamoja pwani, na embe ndilo linaloonekana, kwa hiyo ndilo linalolaumiwa. Lenyewe halina kosa. Tazama maji lililooshewa, kisu kilicholikata, na nzi.

"Sisi tumezoea, hakitupati"

Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, au wanahara kidogo tu na kwenda kazini. Hata hivyo wanaweza kutoa bakteria kwenye kinyesi kwa siku moja hadi kumi. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kunywa maji ya mtungi mmoja, mmoja akalazwa kwenye kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, mwingine akauliza kulikoni.

Miili inatofautiana. Tindikali ya tumboni inaua bakteria wengi, kwa hiyo mwenye tindikali kidogo yuko hatarini zaidi. Mtoto mwenye utapiamlo hana akiba ya kupambana. Aliyewahi kuugua hubaki na kinga kwa muda. Na watu wa kundi la damu O, wakiambukizwa, huugua vikali zaidi kuliko wengine. Shangazi ni O. Mtaani hakuna aliyejua hilo, na kwa kuwa watu hawakupata sababu mwilini mwake, waliitafuta kwenye tabia yake.

"Anayehara asinywe maji, atazidi"

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa kuwa inaua kwa mkono wa anayekupenda. Usiku ule bibi mwenye nyumba, aliyempenda shangazi kama mwanawe, alimnyang'anya kikombe. Nilipofika macho yalikuwa yamezama, sauti imekauka, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kilichokuwa kinamtoka kilifanana na maji ya kuoshea mchele. Dada mmoja muuguzi anayepanga nyumba ya pili ndiye aliyekuja na pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, akamnywesha kidogo kidogo mpaka bajaji ilipopatikana.

Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Sumu ya bakteria inayafungulia maji yatoke, lakini haiharibu mlango ambao sukari na chumvi huingilia pamoja kwenye ukuta wa utumbo, zikiyavuta maji nyuma yake. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bangaon, India, dripu zilikwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza watu wanyweshwe maji ya chumvi na sukari. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Ukikosa pakiti: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe upesi akatiwe dripu, na njiani aendelee kupewa kama anameza.

"Chanjo ipo, vyoo vitasubiri"

Chanjo ya kunywa ni msaada mkubwa. Mwaka 2009 ilitolewa kwa maelfu ya watu Unguja na Pemba, ikawakinga waliochanjwa na hata baadhi ya majirani zao ambao hawakuchanjwa. Lakini dozi mbili hukinga kwa miaka isiyopungua mitatu hivi, si maisha, na Oktoba 2022 uhaba ulifanya kampeni za dharura duniani zianze kutoa dozi moja tu. London, mwaka 1854, daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa ulitoka kwenye pampu moja ya maji ya Broad Street, na mpini wake ukaondolewa. Jiji lile halikuachana na kipindupindu kwa mpini ule. Liliachana nacho lilipojenga mifereji ya chini ya ardhi ya kubeba majitaka mbali na maji ya kunywa.

Shangazi sasa anatia kidonge cha klorini kwenye kila dumu na kuangalia saa, nusu saa kamili, kabla hajamruhusu mtu kuchota. Kisima cha nyumba ya tatu bado kinatumika.