Baibui: jina, asili na vazi lenyewe

Mwanamke wa Unguja au Pemba akikwambia "ngoja nivae baibui langu", anakusudia lile vazi jeusi, pana, refu hadi miguuni, linalovaliwa juu ya nguo nyengine mtu anapotoka nje. Wengine huandika buibui. Vazi na mdudu havichanganyiki hata hivyo: mdudu ni buibui huyu, vazi ni baibui hili, na yakiwa mengi ni mabaibui. Husemwa kuwa vazi limepata jina kwa mdudu kwa sababu ya weusi wake na namna lilivyomfunika mtu gubigubi.

Ukiliona baibui la kizamani utaelewa. Halikuwa na mikono wala vifungo. Ni kitambaa kipana cheusi kilichoshonwa kikawa kama mfuko ulio wazi juu na chini, na penye ukingo wa juu pana ugwe, yaani kamba nyembamba. Mvaaji huingia ndani, akafunga ugwe kichwani, kitambaa kikashuka mabegani mpaka chini. Akikutana na mwanamme asiyemjua, huvuta upande mmoja akajisitiri uso.

Kabla ya baibui kuenea, mavazi yalitangaza daraja ya mtu. Bibi Salme binti Said, bintiye Sultani Seyyid Said, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 jinsi wanawake wa kasri walivyofunika nyuso kwa barakoa. (Ndiyo barakoa hiyo hiyo ambayo jina lake lilienea nchi nzima wakati wa korona, 2020.) Mtumwa alivaa kaniki au merikani, vitambaa rahisi vya pamba, na kujifunika kichwa haikuwa haki yake.

Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake walioachwa huru waliiacha kaniki wakashika kanga, na miaka ya mwanzo ya karne ya 20 baibui likaenea mjini. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa neno hili. Watu huliona baibui kuwa vazi la dini tu, na stara ni jambo la dini kweli, lakini kwa mwanamke ambaye mama yake alikatazwa kujifunika, kulivaa kulikuwa ni kudai heshima iliyokuwa ya mabibi peke yao. Bibi na aliyekuwa mjakazi wake wangeweza kupita njia moja, wote ndani ya mabaibui meusi tii, ukashindwa kuwapambanua.

Siku hizi baibui lina mikono, huvaliwa na mtandio, na mengi huja kutoka Dubai yakiwa na nakshi na vijiwe vya kumetameta. Madukani Darajani, penye soko la mjini Unguja, utasikia pia yakiitwa abaya. La ugwe limebaki kwa bibi zetu wachache.