Kuchagua Kifaa cha Kusikilizia Vitabu kwa Mtu Mwenye Ulemavu

Wengi wanaomtafutia ndugu asiyeona kifaa cha kusikilizia vitabu huanza na swali la bei, au la ukubwa wa sauti ya spika. Sisi tunaofanya kazi katika huduma za maktaba kwa watu wenye ulemavu huwarudisha nyuma kidogo na kuwauliza vitabu vyenyewe vitatoka wapi, kwa kuwa kifaa kisichoweza kufungua vitabu anavyovipata msomaji hakimfai, hata kiwe imara namna gani. Vitabu vingi vya sauti vinavyouzwa mtandaoni hufungwa kidijitali ili visikilizwe katika programu ya muuzaji pekee, ilhali maktaba nyingi za wasioona hutoa vitabu vyao katika mfumo wa DAISY, ambao tangu 1996 umesimamiwa na muungano wa kimataifa unaoitwa DAISY Consortium.

Mfumo huu unafaa kueleweka kabla ya kufungua pochi. Faili ya kawaida ya MP3 ni sauti inayokwenda moja kwa moja, na anayetaka sura ya 9 katika kitabu cha saa 15 hulazimika kuisogeza mbele kwa kubahatisha. Kitabu cha DAISY hubeba mpangilio wake ndani, kiasi kwamba msikilizaji huruka kutoka sehemu hadi sehemu, sura hadi sura na, pale mtayarishaji alipoziwekea alama kurasa, mwanafunzi anayeambiwa darasani afungue ukurasa wa 212 huufikia pamoja na wenzake. Kwa msomaji wa riwaya tofauti hiyo si kubwa sana, lakini anayesoma kitabu cha kiada au cha sheria hawezi kufanya kazi yake bila mpangilio huo. Vipo pia vitabu vya DAISY vyenye maandishi yanayokwenda sambamba na sauti, ambavyo humsaidia mtu mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, kwa kuwa anaiona sentensi ikiwekewa rangi wakati inasomwa. Huyo atahitaji kifaa chenye skrini.

Likishajulikana chimbuko la vitabu, ndipo tunapozungumzia mikono ya msomaji. Vifaa maalumu kama Victor Reader Stream ya kampuni ya HumanWare, iliyotoka kwa mara ya kwanza 2007, vina vitufe vilivyopangwa kama vya simu za zamani, na kitufe cha 5 humtajia msikilizaji mahali alipo ndani ya kitabu. Kwa upande mwingine, iPhone imekuwa na VoiceOver, programu inayomsomea mtumiaji kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, tangu 2009, simu za Android zina TalkBack inayofanya kazi hiyo hiyo, na programu kama EasyReader ya Dolphin hufungua vitabu vya DAISY. Aliyekwisha kuzoea simu yake kwa njia hiyo hana sababu ya kununua kifaa kingine. Mzee aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani, au mwenye mikono inayotetemeka, ni habari tofauti: kioo kilaini kisicho na alama ya kupapasa humchosha, na kwa maoni yangu vitufe vichache, vikubwa na vyenye maumbo tofauti humfaa zaidi hata kama kifaa kinaonekana cha kizamani. Asiyeweza kabisa kutumia vidole aulizie kifaa kinachokubali kuunganishwa na swichi ya nje, yaani kitufe kinachoweza kubonyezwa kwa kiungo kingine cha mwili. Kiziwi asiyeona hahitaji sauti bali maandishi yanayoweza kusomwa kwa onesho la nukta nundu, yaani kifaa kinachoinua nukta za kupapasa kwa vidole, kwa hiyo kitabu chenye sauti tupu hakimsaidii.

Mwache msomaji mwenyewe akijaribu kifaa. Afungue kitabu, aruke hadi sura ya tatu, aongeze kasi na kusikiliza kama sauti ya anayekisoma kitabu haigeuki nyembamba na ya kuchekesha, kisha azime na kuwasha tena ili aone kama kitabu kinaendelea pale pale alipoishia. Baada ya hapo aweke kitabu kipya bila kusaidiwa na anayeona. Hapa ndipo vifaa vingi vinapokwama, kwa sababu kucheza kitabu ni rahisi, lakini kunakili faili kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kadi ya kumbukumbu si rahisi, ndiyo maana kifaa kinachopakua vitabu chenyewe kwa intaneti kina nafuu kubwa.

Kabla ya kununua, ulizia pia kama kipo cha kuazima. Nchini Marekani huduma ya NLS, yaani huduma ya taifa ya maktaba kwa wasioona na wenye ulemavu wa kusoma maandishi, iliyo chini ya Maktaba ya Bunge, huazimisha vitabu pamoja na mashine zake bila malipo, na tangu 1966 imewahudumia pia watu ambao ulemavu wa viungo huwazuia kushika kitabu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016, ambao ni mkataba wa kimataifa unaolegeza hakimiliki ili vitabu vitayarishwe katika mifumo wanayoweza kuisoma watu wenye ulemavu, nao unawataja wasioona, wenye shida ya kusoma maandishi kama disleksia, na wasioweza kushika kitabu au kufungua kurasa zake. Wengi wa makundi haya mawili ya mwisho hudhani kwamba maktaba za wasioona haziwahusu, hivyo hawaulizi. Katika nchi zilizojiunga na mkataba huo, waiulize maktaba inayotoa huduma hii inahitaji uthibitisho gani na kutoka kwa mtaalamu yupi, kwa kuwa masharti hayo hutofautiana kutoka nchi hadi nchi.