Si kila aliyepigana Vita vya Kagera alikuwa mwanajeshi

Kijiweni kwetu Moshi, kila Julai 25 ikikaribia, utasikia vijana wakisema: Siku ya Mashujaa ni ya wanajeshi, sisi tutamkumbuka nani, kambi yenyewe hatuijui? Hapo ndipo wanapokosea.

Idi Amin, rais wa Uganda, alipovamia Kagera, Oktoba 1978, jeshi la kudumu peke yake halikutosha. Waliongezwa polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na maelfu ya mgambo: wakulima, makarani, mafundi. Kampala ilipoanguka, Aprili 11, 1979, watu hao walikuwemo. Baadaye mgambo wengi wakarudi uraiani, bila magwanda ya kuwatambulisha. Ndiyo maana hatuwaoni.

Fundi viatu tunayekaa naye ni mmoja wao. Kijana mmoja alimuuliza, "Shikamoo babu, hivi wewe uliwahi kuwa mjeshi?" Mzee akang'ata uzi, akacheka. "Marahaba. Mjeshi wapi! Nilitolewa kwenye kahawa." Akakunja suruali, kovu likaonekana chini ya goti, kisha akaendelea kushona soli. Kijana akazima muziki kwenye simu.

Na wanaodhani vita vile viliishia huko Bukoba, wajue kwamba Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapahapa Moshi wakaunda UNLF, umoja wao wa kuikomboa Uganda, ulioshika serikali baada ya Amin.

Waliokufa, wengi wamezikwa Kaboya, Muleba. Ni mbali, nauli si mchezo. Fundi viatu yuko hapa kona.