Seredani chumbani kwa mzazi

Ukiingia jiko la kuni huku Pemba, moshi unajitangaza wenyewe. Macho yanawasha, kifua kinabana, na juu kwenye boriti masizi yananing'inia nyuzi nyuzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mpishi hajui hesabu hiyo, lakini madhara anayajua: anakaa upande unakotoka upepo, na mtoto anamwacha uani.

Katika kazi yangu ya afya ya mazingira, kinachonitia hofu zaidi ni chumba cha mzazi, yaani mama aliyejifungua karibuni. Arobaini haijaisha, dirisha limefungwa mama asipigwe na baridi, pazia limeshushwa, na pembeni mwa kitanda ipo seredani yenye makaa yaliyoiva vizuri. Moshi hauonekani. Ni harufu ya udi tu, na kila aingiaye anasifu.

Makaa hayo mekundu ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hata damu ikakosa nafasi ya kubeba hewa. Mzazi huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutaka kutapika, miguu ikalegea. Watu wa nyumbani husema ni uchovu wa uzazi, au damu imepungua. Huenda ikawa kweli. Mimi huuliza kwanza: akitoka nje anapata nafuu? Na bibi anayelala naye, kichwa kinamuuma pia? Wakiitikia, nawaambia watoke wote chumbani hapo hapo, na mama na mtoto wapelekwe hospitali. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko sisi, na hana namna ya kusema kichwa kinamuuma.

Bibi zetu siwaambii waache kumkanda mzazi wala kumfukiza. Maji yachemshwe jikoni, yaletwe yakiwa moto. Nguo zifukizwe uani. Chetezo kikiingia chumbani, mlango na dirisha viwe wazi ili upepo upite, na kitolewe mara tu kazi ikiisha. Moshi wa udi nao una chembe laini zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Baridi ya usiku ni ya blanketi. Hata masika ikipiga, seredani ikae nje, chini ya upenu.