Oksijeni haimuui mtoto njiti

"Mkimwekea gesi ndiyo mmemmaliza." Wodini kwetu, kwa watoto wachanga, maneno haya nayasikia kupita kiasi: leo kwa bibi, kesho kwa baba aliyepigiwa simu na ndugu zake. Baya zaidi ni mama kusubiri muuguzi ageuke, kisha akachomoa mipira puani kwa mwanawe. Anafanya hivyo kwa mapenzi, na mtoto anaanza kuwa wa bluu.

Dhana hii imezaliwa na kile watu walichokiona: fulani aliwekewa oksijeni, akafa. Wasichokiona ni kwamba aliwekewa kwa kuwa alishazidiwa, na mara nyingi kwa kuwa familia ilikataa mapema. Wale waliopona wanakimbia shuleni leo, na hakuna anayekumbuka kwamba waliwahi kulala na mipira puani.

Mapafu ya njiti yana upungufu wa surfaktanti, ute unaozuia vifuko vya hewa visinatane mtoto anapotoa pumzi. Ute huo hutosha kuanzia wiki ya 34 hivi ya ujauzito. Aliyezaliwa kabla ya hapo analazimika kuyafungua mapafu upya kila anapovuta hewa. Ndiyo maana anaguna, pua zinatanuka, kifua kinabonyea. Mtoto wa kilo moja na nusu hawezi kufanya kazi hiyo usiku na mchana. Atachoka, na akichoka ataacha kupumua. Tukiwaambia "tunamweka kwenye sipapu", maana yake ni hewa yenye msukumo mdogo inayoyazuia mapafu yasijifunge. Anayepumua bado ni yeye mwenyewe. Vile vipovu kwenye chupa ya maji visikutishe. Vikikoma, hapo ndipo umwite muuguzi mbio.

Nakubali jambo moja: oksijeni ni dawa, na ikizidi inadhuru. Miaka ya 1940 na 1950 njiti wengi Marekani na Ulaya walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi bila kipimo. Ndiyo sababu tunafunga kile kitaa chekundu mguuni, kinachopima oksijeni iliyo kwenye damu. Njiti aliye kwenye oksijeni tunataka kipimo hicho, yaani saturesheni, kiwe kati ya asilimia 90 na 95, kwa hiyo msitudai 100. Aliyezaliwa mdogo sana akaguliwe macho na mtaalamu kuanzia wiki ya nne hivi baada ya kuzaliwa, hata kama anaonekana mzima.

Na tafadhali, acheni kuuliza tu "anaendeleaje?" Mtajibiwa "vizuri" na mtaondoka mikono mitupu. Ulizeni: "Leo anatumia oksijeni kiasi gani, na jana ilikuwa kiasi gani?" Jibu la swali hilo linawaambia mtoto anakwenda wapi.

Ukisikia "apnia", ni mtoto kusahau kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, kwa sababu ubongo bado mchanga. Kafeini tunayompa inauamsha. Si kahawa, na haitamfanya mlevi wa kitu chochote.

"Manjano atatolewa na jua la asubuhi." Hapana. Jua halina kipimo, na mtoto ataungua au atapoa huku bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo kwenye damu, ikipanda hadi kwenye ubongo. Manjano yaliyoanza ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na kwenye nyayo, ni ya kuletwa hospitali saa hiyo hiyo.

"Wa miezi saba huishi, wa minane hufa." Wagiriki wa kale waliamini hivyo pia, wakakosea. Kila wiki anayokaa tumboni inamwongezea nafasi.

"Kangaruu ni ya hospitali zisizo na mashine." Kangaruu ni kumpakata mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliwahusu watoto wenye chini ya kilo 1.8. Waliopakatwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa takriban robo, wakilinganishwa na waliosubiri kwanza hali itulie. Baba pia ana kifua, avue shati akae.

Na mpira wa kulishia haumsahaulishi titi. Kabla ya wiki 34 hivi wengi hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja, basi maziwa yanapita mpirani. Mama, endelea kukamua kila baada ya saa tatu, na za usiku usiziruke.